Kumwuliza Baba: Kampala au Uskochi

Mmeniuliza mara nne tangu nirudi Alhamisi, na mara zote nimewajibu kwamba barabara ilikuwa na matope. Ilikuwa na matope kweli. Lakini najua hamkuuliza habari za barabara. Mnataka kujua baba alisema niende chuo gani, na kwa nini nimerudi nimenuna hivi. Nimeona niwaandikie, kwa sababu katika chumba cha walimu hapa Kaaga siku hizi sijui nani anakunywa chai na nani anaweka akilini maneno ya wenzake. Ninyi watatu nawaamini. Wawili sana, mmoja kiasi, mwenyewe anajijua. Mkimaliza kusoma, chomeni.

Habari za vibali sitawachosha nazo, kila mmoja wenu ana zake. Nitasema tu kwamba kibali changu cha kusafiri kilitoka kwa siku moja. Jirani yetu mmoja anangoja chake cha kwenda Chuka kumwona dada yake mgonjwa tangu tupande viazi, na sasa tumevuna. Changu, siku moja. Bwana Mkuu wa shule aliniletea mwenyewe mkononi, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka.

Barua zote mbili mliziona. Kampala ni udaktari, safari ya treni, na likizo nyumbani kila mwaka. Uskochi ni udaktari uleule, safari ya meli, na miaka sita bila kuona uso wa mtu wa kwetu. Vyuo vyote viwili ni vya kujivunia, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Bwana Mkuu alinisifia Uskochi wiki nzima, kwa kuwa ndiko kwao. Kampala, alisema, vijana wanasoma siasa kuliko vitabu. Na mimi, nikisema ukweli, nilitaka Uskochi. Si kwa ajili ya chuo. Nilitaka kulala mahali ambapo mlango ukigongwa ni jirani anaomba chumvi.

Lakini baba yuko kizuizini mwaka wa pili sasa, kwa ajili ya viazi. Alikuwa akiviuza Nanyuki, na mtu mmoja akaenda kusema kwamba magunia mengine yanaishia kwa wapiganaji walio msituni. Mtu huyo hatumjui mpaka leo. Nikienda siwezi kujua kama nitamkuta hai nikirudi, na kwetu mtoto wa kiume haondoki kwenda mbali hivyo bila neno la baba yake. Ndiyo sababu nilisafiri.

Kibirichia: kile nilichofungiwa

Jumatatu asubuhi baba mdogo alifika nyumbani kutoka Kangeta, alikooa. Chini ya kwapa alikuwa na ncheno. Wewe uliyetoka Machakos huenda huijui. Ni miraa iliyochaguliwa kwenye miti ya zamani, vijiti virefu, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Si ya kutafuna njiani. Hupelekwa kwa mzee ukiwa na ombi zito, hasa unapokwenda kuposa. Mzee asiyelitaka ombi lako haifungui, nawe unarudi nayo. Akikata kamba, amekubali kukusikiliza na ni lazima akupe jibu. Mtu mwingine haruhusiwi kuigusa kamba ile.

"Usianze na barua," baba mdogo akaniambia. "Barua ni maneno ya Wazungu. Mpe hii kwanza. Akikata, ndiyo umwulize. Chenye atasema, hicho ni chako mpaka uzeeke."

"Na asipokata?"

"Basi hataki kubeba neno lako. Utarudi hapa uchague peke yako kama yatima."

Mama alinifungia viazi vya kuchemsha na maharagwe, akanifunga vishikizo vya koti kana kwamba nina miaka sita. Nikateremka mpaka mjini kwa miguu, na kila niliyekutana naye alipouliza naenda wapi nilimwambia naenda Kaaga. Sijui kwa nini nilidanganya. Siku hizi ulimi unadanganya kabla sijauruhusu.

Meru mpaka Chuka: mtu mwenye koti

Jumanne nilipanda lori la Bwana Athumani, yule Mwislamu mwenye ndevu nyekundu anayepeleka mbao Embu. Tulipaswa kuondoka saa mbili. Saa nne bado tulikuwa tumesimama karibu na msikiti.

"Tunamngoja nani?" nikamwuliza.

"Mwalimu mmoja wa Runyenjes. Kaniomba nimbakizie kiti cha mbele. Tulia, mwanangu. Hatuendi harusini."

Mwalimu akatokea saa tano, jua kali, amevaa koti refu la kijivu. Jina lake Njeru. Akajibana kati yangu na mlango, na kabla hatujafika Nkubu alikuwa ameniuliza mimi ni wa wapi, baba yangu hufanya kazi gani, na Embu naenda kwa nani. Nikaona huyu ni mpelelezi wa serikali. Mwalimu wa kweli huchoka kuuliza maswali darasani.

"Naenda kununua vitabu," nikamwambia.

"Embu kuna vitabu?"

"Vichache."

Bwana Athumani akakohoa, akatazama barabara.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko kabla ya Chuka. Lori likateleza, likazama upande mmoja, tukashuka kusukuma. Tulisukuma mpaka saa nane. Ndipo, nilipoinama kuweka jiwe chini ya gurudumu, barua zangu zikatoka mfukoni zikaanguka kwenye matope, pamoja na kile kibali. Mwalimu Njeru akaziokota. Akazifuta kwa mkono wa koti lake, polepole, akisoma kila kilichoandikwa juu.

"Hivi ndio vitabu?" akauliza.

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza vyuo; baba sikumtaja. Akanisikiliza akiwa amesimama kwenye mvua, kisha akasema, "Nenda mbali, kijana. Kampala ni hapa tu, watakuita urudi wakati wanataka. Enda Uskochi."

Mtu aliyenijua asubuhi hiyo tu, na tayari anataka niondoke nchini. Nilizirudisha barua mfukoni, na kwa muda uliobaki niliweka mkono juu yake. Bwana Athumani alitugawia chapati na chai kutoka kwenye chupa yake. Nilikunywa chai baada ya kumwona Njeru akinywa.

Darajani Thuchi: koplo anakata kamba

Mnalijua lile daraja. Ukivuka umeiacha Meru umeingia Embu, na askari wa gadi ya nyumbani wa upande ule wana mapanga makali na muda mwingi. Lori liliposimama Njeru aliteremka upesi, akamvuta koplo kando, wakasemezana kwa Kiembu. Nilimwona ananionyesha kwa kidevu. Nikasema basi, nimeuzwa.

Koplo akaja upande wangu. "Wewe. Shuka na hiyo kitu ya majani."

"Ni miraa, afande."

"Miraa mimi najua, hata kwetu tunatafuna. Lakini hii majani ya mgomba ni ya nini? Hii ndio mnapitisha watu chini yake usiku mkiwalisha kiapo cha msituni. Unafikiri sisi ni wajinga?"

"Ni desturi, afande. Napelekea mzee. Tafadhali usikate kamba. Hiyo kamba haikatwi na mtu mwingine."

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Ningenyamaza, huenda angeinusa na kunirudishia. Lakini ukimwambia askari wakati huu wa Hali ya Hatari kwamba kuna kamba isiyokatwa, umemwonyesha mahali pa kukata. Panga likapita mara moja. Majani yakafunguka, na ndani hamkuwa na damu wala nyama, ilikuwa ni miraa ya Kangeta, mibichi, mizuri. Koplo akachukua kijiti, akakimenya kwa meno.

Hapo Bwana Athumani akaanza kucheka mpaka akashika mlango.

"Koplo, ushakubali mwenyewe!"

"Nimekubali nini?"

"Kwa hawa Wameru, akataye kamba ndiye atoaye jibu. Na swali la kijana huyu ni hili: akasome Kampala au Uskochi? Haya, mjibu. Miraa unaila bure?"

Askari wenzake wakacheka, lakini koplo hakucheka. Alitafuna, akatazama mto, akafikiri kwa dhati kabisa.

"Huko Uskochi kuna emajensi?"

"Hakuna," akasema Athumani.

"Basi aende huko. Na akiona kuna kazi ya askari, anitumie barua."

Wakachukua nusu ya vijiti. Vilivyobaki nilivikusanya pale chini, nikavifunga kwa yaleyale majani yaliyopasuka na kipande cha kamba ya katani alichonipa Athumani. Wote walifurahi siku ile isipokuwa mimi. Nilikuwa na hasira.

Runyenjes: nyama

Kafyu ilitukuta Runyenjes. Kizuizi cha barabara kilishafungwa, hakuna gari kupita mpaka asubuhi. Mwalimu Njeru akatukaribisha kwake. Bwana Athumani alishukuru, akasema askari wa kizuizi wanamjua, atalala ndani ya lori lake, kwa kuwa nyama ya huko hakuichinja yeye. Mimi sikuwa na kisingizio hicho, na kulala nje ya kijiji wakati wa kafyu ni kutafuta risasi. Nikaenda.

Jua lilikuwa bado halijatua. Nyumba ilikuwa safi, vitabu vya shule vimepangwa rafuni, watoto wawili wamekaa kimya. Mkewe akaleta nyama ya mbuzi iliyochomwa, imekatwa vipande, kwenye ungo. Harufu yake sitaisahau, maana tangu asubuhi nilikuwa na viazi viwili na chapati tumboni. Nikaanza kuvihesabu vipande. Mnajua kwa nini nilivihesabu. Kila mmoja wetu amesikia jinsi mtu anavyokaribishwa nyama kwa wema na kuamka amekula kiapo.

"Karibu," akasema Njeru.

"Nimeshiba, mwalimu."

"Umeshiba nini? Si umesukuma lori siku mzima?"

"Viazi."

Akaacha kutafuna. Mkewe akatazama mumewe, kisha akasimama, akawachukua watoto akawapeleka kwa jirani. Hakurudi nao. Ungo ulibaki katikati yetu mpaka mafuta yakaganda.

"Kijana," akasema mwishowe, taratibu, "mtu akikataa nyama yangu siku hizi ni mmoja wa wawili. Ni yule anafikiria ninamlisha kiapo, ama ni yule anaenda kusema kwa wakubwa kwamba nilitaka kumlisha. Sijui wewe ni gani."

Tulilala chumba kimoja, na sidhani kama yeyote kati yetu alifumba macho yote mawili.

Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye lori. "Jana darajani nilimwambia koplo akuache upite, kwa sababu unaenda kuona mzazi," akasema. "Hayo majani aliyaona mwenyewe."

"Ulijuaje?"

"Kibali chako kilianguka na barua. Kambi imeandikwa, na unaenda kuona nani. Mwanangu wa kwanza ako hapo ndani. Mimi nimeomba kibali mara tano, nimenyimwa. Nilikuuliza maswali mingi nione kama wewe ni mtu naweza kutuma salamu."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Nitumie, mwalimu. Nitazifikisha. Anaitwa nani?"

Midomo yake ilifunguka, ikafumba tena. "Hapana," akasema. "Hukula kwangu. Safiri salama."

Akageuka akaenda zake. Nimerudi Kaaga na jina lile silijui.

Embu, na tambarare ya mpunga

Embu mjini sina cha kusimulia isipokuwa chai niliyokunywa nimesimama na mkate uliokauka. Bwana Athumani alishusha mbao zake, akanipeleka mpaka njia panda, akasema atanichukua hapohapo Alhamisi asubuhi, na kutoka hapo nilitembea kuteremka. Kadiri unavyoshuka joto linaongezeka, na mlima wetu unabaki nyuma yako. Kambi ipo kwenye tambarare wanakochimba mifereji ya mpunga. Udongo mweusi, mbu mchana kweupe. Baba alizaliwa kwenye baridi ya Kibirichia. Nilipofikiria mapafu yake niliuma meno.

Walimleta kwenye benchi nje ya uzio, na askari mmoja akasimama hatua mbili kutoka kwetu. Amekonda. Ameanza kuota mvi kwenye nyusi. Sikuweza kumshika mkono kwa sababu ya askari, basi nikapiga goti nikamwekea ncheno mbele yake kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Hakuitazama miraa. Alitazama kamba.

"Hii ni katani," akasema.

"Ndiyo, baba. Ya mgomba ilikatwa darajani. Na koplo."

"Kwa hivyo koplo amekwisha kukujibu. Umekuja kwangu kufanya nini?"

Nikamweleza yote, haraka haraka: vyuo viwili, meli na treni, miaka sita, Ijumaa. Nikamwonyesha barua. Akazitazama bila kuzishika.

"Kibali cha kuja huku ulikipata kwa siku ngapi?"

"Siku moja."

Baba akacheka. Kicheko kile kiliniumiza kuliko kofi. "Wiki iliyopita bwana wa kambi aliniita. Akasema, mzee, taja watu ulikuwa unapelekea viazi, na kijana yako atasomeshwa mbali. Nikamwambia niliuza sokoni. Leo unakuja wewe, na kibali cha siku moja, na barua mbili, na miraa iliyofunguliwa na askari. Wamekutuma, Kirimi."

"Sikutumwa, baba! Nilipasi mtihani! Nilisoma!"

"Pengine hata wewe hujui kama umetumwa."

Nililia, jamani. Sioni haya kuwaambia. Kazi ya miaka kumi na miwili, na mtu pekee niliyetaka aifurahie anaitazama kama mtego. Askari akageuza uso pembeni, nadhani kwa huruma, au ili asikie vizuri zaidi.

Baba akaniacha nilie. Kisha akainama kidogo, akauliza kwa sauti ya chini: "Niambie kitu moja. Hao Wazungu wanataka uende wapi?"

Nilielewa papo hapo. Atanipeleka kule wasikotaka. Hilo ndilo jibu lake, na haliwezi kuwa lingine baada ya viazi, baada ya tambarare ile. Nikimwambia ukweli, kwamba Bwana Mkuu ananisifia Uskochi kila siku, atasema Kampala. Na mimi nilikuwa nataka Uskochi.

"Wanataka Kampala," nikasema.

Alinitazama machoni, nami nikamtazama. Sijui nilipata wapi uso ule.

"Basi nenda Uskochi," akasema baba.

Akatoa kijiti kimoja kwenye ncheno, akakimenya, akakitafuna. Akatema mate kwenye viganja, akanipaka kifuani chini ya shati, mara mbili, kama alivyopakwa yeye na babu. Baraka kamili. Nilitaka kumwambia pale pale, midomo ikajaa maneno, lakini askari akasema muda umekwisha na baba akasimama. Hakugeuka nyuma. Alitembea akiwa amenyoosha mgongo kuliko alivyokuja.

Njia nzima nilikuwa nikiwatafuta waongo. Niliwatafuta kwenye kiti cha mbele, darajani, kwenye ungo wa nyama. Mwongo niliyempata nimemleta mwenyewe kutoka Kibirichia.

Kurudi

"Kasema nini mzee?" Bwana Athumani akaniuliza Alhamisi tulipokuwa tukipanda kuja Meru.

"Uskochi."

"Alhamdulillahi! Hata koplo aliona hivyo!" Akacheka peke yake mpaka Chuka. Mimi nilisema nina homa.

Niliwaza njia yote. Kwenda Uskochi na baraka niliyoiiba, miaka sita? Ningemwambia ukweli kwa njia gani? Barua za kambini hufunguliwa na kusomwa na wao kabla yake. Wangelijua kosa langu kabla hajalijua baba. Kampala kuna likizo. Ningeshuka Desemba, nikakaa kwenye lile benchi, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba Wazungu ndio waliotaka Uskochi na kwamba nilimdanganya. Angenipiga au angenilaani, lakini angekuwa amejua. Nikaona hilo ndilo jambo la mwanamume.

Basi Ijumaa saa tatu niliingia ofisini kwa Bwana Mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Nikamwambia nimechagua Kampala.

Alivua miwani. Akasimama, akanipa mkono.

"Umeamua vema, Kirimi," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kwenye biblia. "Mimi nilitamani uone nchi yangu. Lakini sasa naweza kukuambia: mabwana wa wilaya hawakupenda uende mbali. Walitaka uwe Kampala, mahali ambapo wanaweza kukuona. Waliniambia tangu mwanzo. Watafurahi sana."

Akaandika jibu pale pale na kunipa niweke sahihi. Mkono wangu uliandika jina langu.

Kwa hiyo naenda Kampala, wenzangu, na mwaweza kunipongeza mkitaka. Kule kambini kuna mzee anayetembea amenyoosha mgongo kwa kuwa anaamini mwanawe amewaponyoka.